Cheo, leseni, uteuzi, kibali: karatasi nne za mwamuzi wa sataranji

Shindano la sataranji linaweza kuchezwa siku mbili nzima katika ukumbi wa shule pale Ligula, mjini Mtwara. Wachezaji wanatoka Masasi, Newala na Lindi kwa nauli zao, kila mchezo unaandikwa na kusainiwa, kisha mwezi unakwisha bila jina hata moja kupanda kwenye orodha ya reti ya FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji. Reti ni namba inayopima nguvu ya mchezaji. Hakuna aliyedanganya, na mwamuzi alizijua sheria barabara. Ila leseni yake ilikuwa imekwisha muda, au hakuwahi kuwa nayo, na aliyemteua alidhani cheti cha semina ndiyo leseni.

Kosa hili linaumiza kwa sababu halirekebishiki baada ya shindano. Waamuzi wote wa shindano linalohesabiwa reti ya kimataifa wanatakiwa wawe na leseni hai. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia zawadi na bango la ukutani, mwandaaji inabidi ajue tofauti ya mambo manne ambayo watu huyaita kwa jina moja la "kibali": cheo cha mwamuzi, leseni yake, uteuzi wake kwa shindano husika, na kibali cha serikali cha kufanya shindano lenyewe. Kila kimoja kinatoka mkono tofauti. Ukiwa na vitatu huku cha nne kinakosekana, umebaki na bonanza.

Cheo kwanza

FIDE, iliyoundwa Paris mwaka 1924, inatambua ngazi tatu za waamuzi. Ya kwanza ni Mwamuzi wa Taifa, na hiki cheo FIDE haikitoi. Kinatolewa na chama cha taifa, kwa mafunzo na mtihani ambao chama chenyewe kinaupanga. Juu yake yuko Mwamuzi wa FIDE, na juu kabisa Mwamuzi wa Kimataifa, cheo kilichoanza mwaka 1951. Vyeo hivi viwili vya juu vinatoka FIDE kupitia Kamisheni yake ya Waamuzi, na maombi hayapelekwi na mtu binafsi. Yanapelekwa na chama cha taifa lake. Mwalimu wa Nachingwea mwenye sifa zote hawezi kuandika barua moja kwa moja akajibiwa. Lazima apite kwa chama, na chama kikilala, jalada lake nalo linalala.

Mwamuzi wa FIDE anahitaji nomu nne. Nomu ni uthibitisho kwamba ulifanya kazi fulani na ukaifanya vizuri. Moja inatokana na semina ya FIDE, ambayo mwisho wake kuna mtihani, na alama ya kufaulu ni 80 kwa 100. Tatu zinatokana na mashindano yaliyohesabiwa reti. Kila nomu ya shindano inaandikwa kwenye fomu FA1 na kusainiwa na mwamuzi mkuu, mwandaaji na chama. Zikitimia, zinaambatanishwa na fomu ya maombi, FA2. Anayetaka kupanda hadi Mwamuzi wa Kimataifa anatumia IA1 na IA2.

Hapa wengi wa mikoani wanajikwaa mara mbili. Kwanza, FA1 haisainiwi palepale. Shindano linaisha Jumapili jioni, mwamuzi mkuu aliyetoka Dar es Salaam anawahi basi la alfajiri, na fomu inabaki "tutaikamilisha kwa simu". Miezi sita baadaye mwamuzi mkuu hakumbuki kama ulikuwa naibu au ulikuwa unapanga viti. Fomu ijazwe na kusainiwa kabla ya kutoa zawadi, wakati watu wote wamo ukumbini. Pili, nomu za mashindano hazitakiwi kutoka kwenye aina moja tu. Huku kwetu karibu kila shindano linapangwa kwa mfumo wa Kiswisi, ambamo anayeshinda anakutana na anayeshinda. Mwamuzi aliyesimamia Kiswisi tupu anawekewa masharti ya ziada: walau moja ya mashindano hayo liwe la kimataifa lenye wachezaji 100, asilimia 30 yao wenye reti, na raundi zisizopungua 7. Kwa Lindi na Mtwara hilo ni jambo la mbali. Njia iliyo karibu zaidi ni kuandaa ligi, yaani kila mtu kucheza na kila mtu. Watu 10 ni raundi 9, michezo 45, na inaweza kugawanywa kwenye wikiendi tatu bila kumtoa mtu kazini.

Liko pia suala la lugha. Anayeomba cheo cha Mwamuzi wa FIDE anatakiwa ajue vya kutosha mojawapo ya lugha rasmi za shirikisho, ambazo ni Kiarabu, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza, Kijerumani, Kireno na Kirusi. Kiswahili hakimo. Kwa Mwamuzi wa Kimataifa, Kiingereza cha mazungumzo ni lazima. Hatuoni sababu ya kijana mwenye akili ya sheria kuachwa nyuma kwa hilo. Chama cha mkoa kinaweza kuwafasiria vifungu kwa Kiswahili na kuwazoeza istilahi za Kiingereza miezi miwili kabla ya semina, kwa maana maswali ya mtihani hayapimi ufasaha. Yanapima kama umeelewa tofauti ya "anaweza" na "lazima" ndani ya kifungu.

Lugha inaingia hata kwenye uandishi wa michezo. Sheria zinamruhusu mchezaji kutumia herufi ya kwanza ya jina la kete kwa lugha ya kwao. Sasa jaribu kwa Kiswahili: Mfalme ni M, na Malkia ni M. Karatasi iliyoandikwa "Md4", yaani M kwenda mraba wa d4, haisomeki, na siku ya mzozo mwamuzi hana cha kushika. Ndiyo maana walimu wengi wanafundisha herufi za Kiingereza, K kwa mfalme na Q kwa malkia, tangu siku ya kwanza. Anayetaka herufi za Kiswahili akubaliane na mwamuzi mapema, mmoja kati ya wale wawili apewe herufi nyingine, na makubaliano hayo yabandikwe ukutani.

Leseni

Leseni ilianza kudaiwa tarehe 1 Januari 2013. Kabla ya hapo cheo pekee kilitosha. Waamuzi wa zamani waliopata vyeo vyao miaka ya nyuma na kukaa mbali na mchezo ndio hushtuka zaidi wanapoambiwa hawawezi kusimamia.

Kwa Mwamuzi wa Taifa leseni inadumu miaka 4, ikihesabiwa tangu chama kilipoiomba na ada kuifikia FIDE. Mfumo ulipoanza, ada ya ngazi hii iliwekwa kuwa euro 20. Vyeo vya juu hulipiwa zaidi, na kiasi kinategemea daraja la mwamuzi, kuanzia A, la juu kabisa, hadi D. Leseni za wenye vyeo vya juu ni za maisha, kwa sharti kwamba mwamuzi anaendelea kufanya kazi. Akipita miaka 2 bila kusimamia walau mashindano mawili, anahesabiwa amelala na jina lake linaondolewa kwenye orodha ya wenye leseni. Cheo chake hakifutwi. Anabaki Mwamuzi wa FIDE kwa jina, lakini hasimamii mpaka aamshwe tena kwa utaratibu uliowekwa.

Kwa mikoa yenye mashindano machache, sharti hili ni zito kuliko ada. Mtwara ikifanya shindano moja la reti kwa mwaka na waamuzi wakawa watano wanaozunguka zamu, wote watano watalala. Ni afadhali kuchagua wawili au watatu, wapewe kazi mfululizo hadi wakomae, kuliko kugawana heshima kidogokidogo kama mgawo wa sukari.

Hali ya leseni inaonekana kwenye wasifu wa mwamuzi katika tovuti ya FIDE, kwa kutumia namba yake ya utambulisho. Mwandaaji asiridhike na picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp. Aingie mwenyewe, aandike namba, asome kama leseni ni hai, na afanye hivyo kwa kila jina, naibu akiwemo. Kama haionekani hai, chama cha taifa kiulizwe siku hiyohiyo, maana malipo huenda kwa chama kwanza, chama ndicho kinawasilisha FIDE, na katikati hapo wiki zinaweza kupita.

Uteuzi na kibali

Uteuzi ni wa shindano moja. Mwandaaji anamteua mwamuzi mkuu, chama kinamtambua, na jina lake linaandikwa wakati shindano linasajiliwa FIDE. Usajili huo unafanywa na ofisa wa reti wa chama cha taifa kabla shindano halijaanza. Jina likibadilika njiani kwa sababu ya ugonjwa au msiba, ofisa wa reti aambiwe hapo hapo ili rekodi ibadilishwe.

Mwandaaji na mwamuzi mkuu wasiingiliane. Ukumbi, maji, malazi, zawadi, jenereta na chakula ni vya mwandaaji. Kilichomo ndani ya mstari wa meza za kuchezea ni cha mwamuzi mkuu, na hata mfadhili aliyelipia kila kitu haingii humo kuomba mchezo usogezwe ili mgeni rasmi auone. Katika mashindano ya kutafutia vyeo mwamuzi hachezi, hata kwa kujaza nafasi pale idadi inapokuwa witiri. Kwenye mashindano madogo kishawishi hicho ni kikubwa, kwa kuwa mwamuzi mara nyingi ndiye mchezaji bora wa mtaa.

Kibali ni mambo ya nchi. Michezo yote Tanzania Bara iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967 na marekebisho ya mwaka 1971. Klabu au chama cha mkoa kinatakiwa kisajiliwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, na safari ya karatasi inaanzia kwa Afisa Michezo wa wilaya: katiba, muhtasari wa mkutano uliounda chama, orodha ya wanachama na majina ya viongozi. Shindano likiwahusisha wanafunzi, mkuu wa shule na ofisi ya elimu nao wajulishwe kwa maandishi. Afisa Michezo hatoi leseni ya mwamuzi, na FIDE haitoi ruhusa ya kukusanya watoto ukumbini. Barua yenye muhuri wa halmashauri haifungui mlango wa reti, na leseni ya FIDE haimzuii mtendaji wa kata kuuliza nani kawaruhusu.

Ratiba inavyoweza kuharibu kila kitu

Karatasi zote nne zikiwa sawa, shindano bado linaweza kukataliwa kwa sababu ya saa. Kwa mchezo wa kawaida wa reti, kila mchezaji anatakiwa awe na muda usiopungua dakika 60 ikiwa wote wana reti iliyo chini ya 1800. Akiwepo mwenye 1800 au zaidi ni dakika 90, na kuanzia 2400 ni dakika 120. Hesabu hufanywa kwa kudhani mchezo una hatua 60. Kwa hiyo dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila hatua zinatoa 45 na 15, jumla 60. Dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30 zinatoa 90.

Chukua wachezaji 24, raundi 5 za Kiswisi, Jumamosi na Jumapili. Kwa 45 na 15, raundi inachukua kama saa mbili. Raundi ya kwanza inaanza saa 3:00 asubuhi. Ya pili inaanza saa 7:30 mchana, watu wakiwa wameshaswali Adhuhuri na kula. Ya tatu inaanza saa 10:15 jioni, baada ya Alasiri, na inakaribia kuisha Magharibi ikiingia. Jumapili zinabaki mbili, na ya kwanza inaweza kusubiri ibada ya asubuhi. Ratiba hii inawafaa watu wa pwani hii. Lakini akijiandikisha mgeni mmoja mwenye reti ya 1850, michezo yake inahitaji dakika 90. Ukitaka shindano zima liwe na muda mmoja, raundi inakuwa ya saa tatu na zaidi, na ya tatu inaangukia usiku. Funga usajili siku tano kabla, angalia reti ya juu kabisa kwenye orodha, ndipo utangaze ratiba.

Bila nyongeza ya sekunde 30, mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika 5 anaruhusiwa kuacha kuandika. Kwenye 45 na 15, basi, dakika za mwisho, ambazo ndizo zenye mizozo, hazina maandishi. Naibu asogee kwenye meza hizo na daftari lake.

Muda wa kuchelewa uandikwe kwenye kanuni za shindano. Kifungu cha 6.7 cha sheria za sataranji kinasema usipotajwa, ni sifuri: saa ya kuanza ikifika na hujakaa, umepoteza. Kwa mchezaji anayetoka Masasi kwa basi la asubuhi, tofauti ya sifuri na dakika 30 ni tofauti ya kucheza na kurudi nyumbani. Na ratiba iandikwe kwa namna moja. Programu ya kupanga raundi inachapa 09:00, tangazo linasema saa 3:00 asubuhi, na mgeni asiyezoea saa za Kiswahili anasoma 3:00 akaelewa alasiri. Andika zote mbili kwenye karatasi moja.

Vifaa tusivikalie sana. Kete ziwe za umbo la Staunton, lile la kawaida la mashindano, mfalme urefu wa sentimita 9.5, kitako chake kati ya asilimia 40 na 50 ya urefu huo, na kila mraba wa ubao uwe na upande wa sentimita 5 hadi 6. Mafundi wa Kimakonde wana uwezo wa kuchonga seti nzuri kabisa za mpingo, mfalme akiwa mzee wa ukoo na askari wake wamebeba mitungi. Zipambe meza ya wageni. Kwenye mchezo wenye saa, jicho la mchezaji lazima litofautishe askofu na askari papo hapo, na zile nakshi haziruhusu. Fundi anayeweza kukereza mpingo kwa vipimo hivyo atakuwa amefanya jambo kubwa.

Mwamuzi akiwa kazini

Sheria za sataranji zinazotumika sasa zilianza tarehe 1 Januari 2023. Zina vifungu 12: vitano vya kwanza vinaeleza mchezo wenyewe, na kuanzia cha 6 ni kanuni za mashindano. Kwenye mtihani swali linalopendwa ni la hatua isiyo halali, na ndilo linalotokea zaidi ukumbini.

Tuseme meza ya saba, raundi ya nne. Mfalme mweupe yuko kwenye cheki, yaani anashambuliwa. Mwenyewe hakuona. Akasogeza ngome kutoka d1 hadi d7, akabonyeza saa. Mwenye nyeusi anainua mkono. Mwamuzi anafika na kusimamisha saa kwa kitufe cha katikati. Kabla ya kusema lolote anaandika muda wa pande zote kwenye daftari lake, kwa sababu akikosea kubonyeza wakati wa kurekebisha, namba zile zikipotea hazirudi. Anaangalia ubao, anathibitisha kwamba mfalme ameachwa kwenye cheki, anairudisha ngome d1. Kanuni ya ukigusa umecheza bado inafanya kazi, kama kwenye drafti: kama ngome ile inaweza kuondoa cheki kwa kuziba au kwa kula, ni lazima icheze hiyo. Kama haiwezi, yuko huru kutumia kete nyingine yoyote. Mwenye nyeusi anaongezwa dakika 2. Kisha mwamuzi anaangalia wenzo wa saa. Upande wa nyeupe uwe juu, maana zamu ni ya nyeupe. Wakisahau hapa, saa inaanza kula muda wa aliyekosewa. Mwisho anaandika: meza ya 7, nyeupe, kosa la kwanza. La pili ni kupoteza mchezo, isipokuwa kama mpinzani hana namna yoyote ya kufikia chekimeti, yaani cheki isiyo na pa kukimbilia, hapo ni sare.

Kama mwenye nyeupe angeigusa ngome na kuisogeza lakini hajabonyeza saa, zile dakika 2 zisingekuwepo. Angesahihisha tu, kwa ngome hiyohiyo ikiwezekana. Vijana wengi hawajui pia kwamba kubonyeza saa bila kucheza, kutumia mikono miwili kwa hatua moja, na kumwacha askari mstari wa mwisho bila kumbadilisha kuwa kete nyingine kisha ukabonyeza saa, yote yanahesabiwa kama hatua isiyo halali na yanaingia kwenye hesabu ileile ya makosa mawili.

Kwenye mchezo wa haraka, ule wa zaidi ya dakika 10 na chini ya 60, mara nyingi mambo ni tofauti. Mpinzani akishajibu hatua isiyo halali, kosa limepita, na mchezo unaendelea na mfalme wake aliyeachwa wazi. Mwamuzi aliyezoea mchezo mrefu akilisahau hili anaingilia mahali ambapo sheria imemfunga mikono, na rufaa inamshinda.

Simu ndizo zinazowaliza wengi. Mchezaji haruhusiwi kuwa na kifaa cha kielektroniki ukumbini bila ruhusa ya mwamuzi. Kanuni za shindano zinaweza kukubali simu iliyozimwa kabisa ikae kwenye begi, na zinaweza kupanga adhabu nyepesi. Zisiposema, ikionekana anayo, mchezo umekwenda. Mwenyeji mwenye busara anaweka sanduku lenye namba mlangoni na mtu wa kulilinda. Watazamaji nao waambiwe: kijiweni tumezoea kumnong'oneza anayecheza drafti, lakini hapa mtazamaji hasemi neno, na mwamuzi anaweza kumtoa nje.

Adhabu ziko kwenye kifungu cha 12.9, kuanzia onyo, kuongeza muda wa mpinzani, kupunguza wa mkosaji, kukata pointi, hadi kumwondoa mtu kwenye shindano. Faini inatozwa tu ikiwa ilitangazwa mapema. Mwamuzi mpya mara nyingi anaruka kutoka onyo hadi kumpokonya mtu mchezo kwa sababu amekasirika. Zile hatua za katikati zimewekwa kwa ajili ya saa hiyo.

Asiyeridhika anaenda wapi

Mchezaji anaweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa mwamuzi hata kama ameshasaini karatasi ya mchezo, isipokuwa kanuni za shindano ziwe zimesema vinginevyo. Kamati ya rufaa iundwe kabla ya raundi ya kwanza: mwenyekiti, wajumbe wawili, na wa akiba wawili. Kwenye miji yetu karibu kila mtu ni mwalimu, mjomba au mwanafunzi wa mtu, kwa hiyo akiba wawili wanahitajika kweli. Mjumbe ambaye mwanafunzi wake ndiye analalamika anatoka, anaingia wa akiba. Mwamuzi anaeleza alichoona, hapigi kura. Kanuni ziseme rufaa iandikwe, iwasilishwe ndani ya muda gani baada ya raundi, kwa ada kiasi gani, na lini ada inarudishwa.

Kamati ya rufaa inashughulikia mchezo. Haishughulikii mwamuzi aliyepokea fedha, aliyepanga raundi kwa mkono ili kumlinda mtu, au aliyemtukana mtoto. Hayo yanakwenda kwa chama cha taifa kwa maandishi, na kwa makosa yanayoangukia kanuni za maadili za FIDE kuna Kamisheni ya Maadili na Nidhamu. Malalamiko yasiyo na tarehe, raundi, namba ya meza na mashahidi hayafiki mbali. Mzazi aliyekasirika asaidiwe kuyaandika hivyo, hata na mwamuzi mwingine.

Baada ya raundi ya mwisho

Kazi ya mwamuzi mkuu haiishii kwenye zawadi. Ana siku 7 za kumpelekea ofisa wa reti faili la ripoti la aina ya TRF, ambalo programu kama Swiss-Manager huitoa yenyewe. Ndani yake kila mchezaji anatakiwa awe na namba ya FIDE, na asiye nayo anaombewa kupitia chama. Hapa majina yetu yanaleta usumbufu wa kweli. Mtu mmoja anajiandikisha Hamisi Saidi mwaka huu, Khamis Said mwaka ujao, na anapata namba mbili zenye michezo nusunusu. Majina yachukuliwe kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na aliyeandika amsomee mchezaji kwa sauti kabla ya kuhifadhi.

Hata faili likiwa safi, mchezaji mpya hapati reti kwa kucheza na wapya wenzake. Anahitaji michezo isiyopungua 5 dhidi ya wenye reti, na anaweza kuikusanya kwenye mashindano kadhaa ndani ya miezi 26. Tangu Machi 2024 reti ya chini kabisa ni 1400, kwa hiyo wanaoanza wana kazi ya kufikia hapo. Shindano la watu 24 wa Mtwara ambao hakuna hata mmoja mwenye reti litapokelewa, ada italipwa, na orodha itabaki vilevile. Wakati wa kupanga bajeti, nauli na malazi ya wachezaji watano au sita wenye reti kutoka nje ya mkoa viwekwe kwenye mstari mmoja na posho ya mwamuzi mkuu, na barua zao za mwaliko zitoke kabla ya msimu wa korosho, wakati nyumba za wageni Masasi na Newala bado zina nafasi.